Jiko la sentimita 154: shajara ya ukarabati, Donholm, Nairobi

Jumamosi, 11 Januari 2025: Vipimo

Fleti ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu. Jiko ni kijia chenye kuta: urefu sm 310, upana sm 154 upande wa mlango, kimo hadi dari sm 260. Mlango uko ncha moja, dirisha ncha ya pili. Maji na bomba la uchafu viko ukuta wa kushoto, bomba la uchafu likitokeza sm 102 kutoka mlangoni.

Upana ulipimwa mara tatu: mlangoni, katikati, dirishani. Dirishani ni sm 151.8. Milimita 22 zimepotelea njiani, na ukuta wa kushoto una tumbo katikati, plasta imevimba kama milimita 14. Nyumba nyingi za kupangisha ziko hivi. Anayepima mara moja na kukata mbao atakuja kupiga randa ngazini.

Kilichopo: kaunta ya zege yenye terazo iliyopasuka, sinki lenye kutu, soketi moja tu, tena iko pale meko yanapotakiwa kukaa. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya krimu hadi kimo cha dirisha. Sentensi hiyo ya mwisho ingepaswa kupigiwa mstari mwekundu siku hiyo hiyo. Tutaifikia mwezi wa Machi.

Jumamosi, 18 Januari: Kadibodi

Kaunta ya zege ilivunjwa Jumatatu, vifusi magunia 17. Kabla ya kuchora chochote tulikata kadibodi za maboksi ya friji kwa vipimo kamili vya makabati tukazisimamisha chumbani. Gharama ni utepe wa gundi tu, na hakuna hatua iliyookoa pesa kuliko hii.

Mpango wa kwanza ulikuwa makabati ya kina cha sm 60 kushoto na rafu za kina cha sm 30 kulia. Kwenye karatasi njia inabaki sm 64 na mtu anapita. Kwenye kadibodi, droo ikivutwa sm 45, zinabaki sm 19. Mlango wa friji ukifunguliwa, unabaki upenyo wa sm 6 kati yake na rafu. Jiko jembamba lipimwe vitu vikiwa wazi: droo imevutwa, mlango wa friji umefunguka, mtu ameinama anatafuta sufuria. Vikiwa vimefungwa, kila kitu kinatosha.

Rafu ya kulia ikapunguzwa hadi kina cha sm 12. Hapo pakiti ya unga ya kilo 2 inakaa ikiwa wima, chupa ya mafuta inakaa, vikombe vinakaa. Imeanzia kimo cha sm 120 ili nyonga zipite chini yake, na sm 90 kutoka mlangoni ili isigongwe na mlango.

Mlango wa jiko nao ulikuwa na bawaba upande wa friji, milango miwili ikigombea hewa moja. Bawaba zimehamishiwa mhimili wa kulia. Sasa mlango unalala kwenye ukuta usio na kitu. Nusu siku ya seremala.

Mpangilio wa mwisho, kutoka mlangoni kwenda dirishani: friji sm 62, sinki 80, droo 45, meko 60, mtungi wa gesi 60, na kipande cha kuziba cha sm 3 dhidi ya ukuta wa dirisha. Jumla 310. Kile kipande cha sm 3 si mapambo: bila hicho, mlango wa kabati la mwisho hugonga fremu ya dirisha, na hakuna pa kukwangua ukuta ukiwa umepinda.

Jumamosi, 25 Januari: Maji na stima

Stima: waya wa milimita 2.5 za mraba, soketi mbili pacha za ampea 13 sm 20 juu ya kaunta, na soketi ya peke yake ya friji. Hakuna soketi iliyo karibu na ukingo wa sinki kwa chini ya sm 30, na hakuna iliyobaki nyuma ya meko.

Maji yalileta kazi zaidi. Fundi wa mifereji aliunganisha sinki na bomba la uchafu kwa ule mpira wa mikunjo unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Unapinda upendavyo, ndiyo sababu unapendwa. Lakini kila mkunjo unashika mafuta na punje za wali, na ukilegea katikati unafanya tumbo lisilotoa maji. Baada ya siku nne za kujaribu ulikuwa umeanza kunuka. Umetolewa, ikawekwa chupa ya kuzuia harufu pamoja na bomba gumu la milimita 40, likiteremka sentimita moja kwa kila sm 40. Hasara KSh 250.

Nairobi maji huja kwa zamu, kwa hiyo chini ya sinki panakaa mitungi miwili ya lita 20. Ikijaa ni kilo 40. Ubao wa chini wa kabati ungepinda, na maji yanayochuruzika yangeuvimbisha. Suluhisho: kabati la sinki halina ubao wa chini kabisa, mitungi inasimama sakafuni. Mbao za pembeni za kabati hilo ni plaiwudi ya marini, si chipubodi.

Jambo dogo ambalo huonwa kama hitilafu ya mfereji mpya: maji yakirudi baada ya siku kadhaa hubeba mchanga na kutu, na kichujio kidogo cha mdomoni huziba. Fungua mdomo, suuza, rudisha. Chini ya sinki weka vali ya kufungia ili kazi hii isilazimu kufunga maji ya fleti nzima.

Jumamosi, 8 Februari: Makabati

Mbao zilikatwa na kubandikwa ukingo (utepe wa kufunika pande zilizokatwa) kwa mashine dukani, Industrial Area. Kubandika ukingo kwa pasi nyumbani ni nafuu, lakini mvuke wa jikoni huubandua ndani ya mwaka, na chipubodi ikishaonja maji haina dawa. Mbao nne za melamini nyeupe za milimita 18, futi 8 kwa 4, KSh 4,200 kila moja; mbili za MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizobanwa) ya kijani isiyong'aa kwa milango, KSh 6,500 kila moja.

Maboksi ya chini yana kimo cha sm 76 na kina cha sm 56, juu ya miguu ya plastiki ya sm 10. Miguu hiyo huzungushwa kurekebisha kimo. Sakafu hii ilikuwa imeinama milimita 9 kutoka mlangoni hadi dirishani. Anza kwenye sehemu ya juu zaidi ya sakafu, weka pimamaji, pandisha mengine yalifikie. Ukianzia sehemu ya chini, boksi la mwisho litakosa pa kushukia.

Milango yote ya chini, isipokuwa pale penye droo, ni vipande viwili viwili vyembamba badala ya kimoja kipana. Mlango wa sm 60 ukifunguliwa unakula karibu theluthi mbili za njia. Wa sm 30 unakuruhusu kusimama pembeni yake. Bawaba zinaongezeka, KSh 130 kila moja, na hapa si mahali pa kubania.

Makabati ya juu yana kina cha sm 30 na yamewekwa juu ya friji, sinki na droo tu, jumla sm 187. Yale ya juu ya friji, sm 62, yako sawa na mengine. Friji ni ile fupi. Juu ya meko na gesi pameachwa wazi, kwa sababu mbili: moto hautakiwi kuwa na mbao juu yake kwa karibu, na kabati likifika dirishani hukata mwanga wote wa pembeni, jiko likawa handaki. Wateja huomba kabati hadi ukutani, "nafasi isipotee". Nafasi inayopotea ni ile usiyoiona vizuri wakati unakata vitunguu.

Kabati la mtungi wa gesi. Mtungi wa kilo 13 una kipenyo cha sm 32 hivi, na ukijaa unakaribia kilo 27 pamoja na chuma chake. Nao unakaa sakafuni, bila ubao wa chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama. Yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha husaidia mvuke, kwa gesi hayana maana. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba ukuta wa nje umetobolewa usawa wa sakafu, bomba la sm 5 likapitishwa, wavu ukawekwa nje kuzuia panya. Milango ya kabati imeachiwa pengo la sm 3 chini. Viungo vyote vya mpira na regulata vilipakwa povu la sabuni, mtungi ukafunguliwa, tukasubiri. Povu likijivimbisha, kuna uvujaji. Kiberiti si kipimo.

Jumamosi, 15 Februari: Mishikio

Mishikio 14 ya chuma, KSh 120 kila mmoja, ilidumu siku tatu. Imetokeza sm 3.5. Katika njia ya sm 92 kila anayepita ananaswa mfuko wa suruali, na leso imeshachanika. Imetolewa, mahali pake pamewekwa mkanda wa alumini uliopindwa juu ya mlango, vidole vinaingia kutoka juu. KSh 3,200. Matundu ya skrubu kwenye milango yalizibwa kwa kijiti cha nta ya rangi ya kijani. Kwa mbali hayaonekani. Kwa karibu yanaonekana, mawili mawili, kama alama za meno.

Jumamosi, 22 Februari: Granaiti

Hili ndilo kosa ambalo halitafutika.

Bamba moja la milimita 20, urefu sm 248, upana sm 60. Granaiti ya unene huo ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo bamba zima ni kilo 80. Wabebaji wanne walilifikisha ghorofa ya kwanza bila shida. Kwenye kona ya ngazi, ambapo nafasi ya kugeukia ni sm 110, likagoma. Kulisimamisha wima halikuwezekana kwa sababu ya ngazi za juu. Ngazi hazikuwa zimepimwa na mtu yeyote.

Likashushwa hadi uani, likakatwa kwa grinda ya mkono palepale. Mahali pa kukata palichaguliwa vizuri: sm 125 kutoka upande wa friji, juu ya mpaka wa kabati la droo na la meko, ili kila ncha ikalie ubao wa pembeni. Kiungo kisiwekwe kwenye tundu la sinki. Hapo jiwe limebaki vijiti viwili vyembamba na maji hayakosi. Ila mkato wa mkono si mkato wa mashine ya maji ya kiwandani. Ukingo ulimeguka vijipande vya milimita 2 hadi 3 kwenye uso unaoonekana. Umejazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa granaiti hiyo hiyo, ukasuguliwa. Mkono ukipita hausikii kitu. Jicho linaona mstari wenye madoa yaliyokolea, na taa ikiwaka linaona zaidi.

Anayeiga mradi huu aagize vipande viwili tangu kiwandani, ukingo ukiwa umenyooshwa na kung'arishwa huko. Tundu la milimita 35 la kupitisha mpira wa gesi nalo litobolewe huko.

Tumbo la ukuta liliacha pengo la milimita 14 nyuma ya bamba. Kigae na gundi yake hula kama milimita 12; zilizobaki ni silikoni.

Jumamosi, 1 Machi: Vigae

Vigae vyeupe vinavyong'aa vya sm 10 kwa 30, vimelazwa. Vikisimamishwa hupandisha dari, na hapa dari haina tatizo. Vikilazwa, mistari yake hukimbilia dirishani na jicho huifuata. Kimo cha sm 55 kutoka kwenye granaiti. Gundi mfuko mmoja wa kilo 20, chanuo la meno ya milimita 6. Hakuna cha kusimulia.

Jumanne, 4 Machi: Vigae vimeanguka

Vigae tisa usiku wa pili, vitano asubuhi yake. Granaiti ilikuwa bado imefunikwa kadibodi na magunia, ndiyo maana haikupata hata mkwaruzo.

Geuza kigae kimoja utajua kila kitu. Mgongoni gundi imekaa vizuri, mistari ya chanuo imebanwa kama inavyotakiwa. Na juu ya gundi, ganda jembamba la rangi ya krimu, laini kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Gundi ilishika rangi. Rangi ndiyo iliyouachia ukuta. Rangi ya mafuta hainyonyi maji, gundi ya saruji inahitaji pa kupenya, na uzito wa vigae ukabanduabandua ile rangi ya zamani. Fundi alikuwa ameikwaruza kwa msasa. Msasa hautoshi.

Vigae vilivyobaki ukutani viligongwa kwa kifundo cha kidole kimoja kimoja. Vyote isipokuwa vinne vililia uwazi. Vyote vikatolewa.

Jumamosi, 8 Machi: Vigae tena

Rangi imeondolewa kwa brashi ya waya kwenye grinda, kisha ukuta ukadonolewa kwa patasi, donoo kila sm 3 hivi, hadi plasta ya kijivu ikaonekana kila mahali. Vumbi lake hufika hadi chumba cha kulala: ziba mlango kwa nailoni iliyolowa, funga friji ndani ya shuka. Ukuta ukalowanishwa, ukapakwa uji wa saruji uliochanganywa na kioevu cha kushikisha, ukaachwa siku moja. Gundi mpya, vigae vilevile vilivyosafishwa pamoja na boksi la pili. Siku ya tatu viligongwa vyote, vinalia vizito. Kisha grauti, kijazio cha kati ya vigae, ya kijivu, si nyeupe. Nyeupe nyuma ya meko huwa njano kabla ya kupika chapati mara ya tano.

Kazi hii ilitakiwa kufanywa Januari, chumba kikiwa tupu. Siku mbili za fundi, KSh 3,400, gundi KSh 750.

Friji limerudi mahali pake, na limegundulika kosa la mpangilio: bawaba zake zilikuwa upande wa ukuta wa mlango, ukuta umetokeza sm 7 mbele ya friji, mlango ukafunguka bila kufika pembe ya mraba. Droo ya mboga haitoki. Bawaba zilihamishwa upande wa sinki. Friji nyingi zina matundu pande zote mbili yaliyozibwa vifuniko vya plastiki. Sasa anayetaka maziwa anayachukua akiwa mlangoni bila kupita nyuma ya anayepika.

Jumamosi, 15 Machi: Rangi na taa

Ukuta wa dirisha ulipakwa kijani kilichokolea, kwa kanuni kwamba ukuta wa mwisho ukikolea husogea karibu na chumba hakionekani kirefu. Kanuni ni ya kweli kwa ukuta mzima. Kwenye ukuta wenye dirisha, mwanga wa nje huupofusha jicho na kijani kikageuka cheusi; dirisha likawa kama tundu ukutani. Umepakwa upya krimu inayooshika, sawa na ukuta wa kulia. Lita moja ya kijani, KSh 850, imekwenda.

Taa ya dari iko mgongoni mwa anayepika, kwa hiyo kivuli chake mwenyewe hukaa juu ya ubao wa kukatia. Dawa ni ukanda wa LED wa volti 12 chini ya makabati ya juu, uwekwe karibu na ukingo wa mbele. Tuliujaribu nyuma: unamulika vigae na kuacha kaunta gizani, na kwenye vigae vinavyong'aa kila kitone cha taa kinajirudia. Upitishwe ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Kwa sm 187 za wati 9.6 kwa mita, ni wati 18. Kibadilisha umeme cha ampea 3 kinatosha bila kupata moto. Kiko juu ya kabati la friji, hewani.

Ukanda wa kwanza, kutoka barabara ya Luthuli, ulikuwa wa kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Milango ya kijani iligeuka kijivu, nyama ikaonekana ya juzi, nyanya zikawa za plastiki. Umebadilishwa na wa 4000. Hasara KSh 900. Washa ukanda dukani, uelekeze kwenye mkono wako. Ukiona ngozi imepauka, uache.

Rafu ya sm 12 imetoka soko la Kamukunji, chuma chembamba kilichopakwa rangi nyeupe, chenye ukingo wa sm 2 mbele kuzuia chupa.

Jumamosi, 22 Machi: Hesabu

Mbao, plaiwudi na migongo ya hadibodi KSh 36,800. Kukata na ukingo 9,600. Bawaba, reli, miguu, mishikio ya mara zote mbili na skrubu 11,750. Granaiti pamoja na usafiri na epoksi 29,400. Sinki, mfereji na mabomba 8,450. Stima na taa 8,650. Vigae na gundi 5,650. Rangi 4,550. Rafu 5,500. Ufundi wote 35,000.

Jumla KSh 155,350. Ndani yake, makosa yaliyotajwa bei humu yamekula 7,830, bila kuhesabu siku zilizopotea wala ule mstari kwenye granaiti.

Jumamosi, 26 Aprili: Baada ya mvua

Masika yamefika na ukuta wa nje umelowa. Kwenye kabati la gesi kona ya nyuma imeanza ukungu, madoa meusi ya ukubwa wa punje ya dengu, kwa sababu hadibodi ya mgongo ilikuwa imegusa ukuta. Mgongo wa kabati hilo umetolewa kabisa. Haukuwa na kazi. Ukuta ukaoshwa kwa maji ya dawa ya kung'arishia nguo, ukakaushwa, ukapakwa rangi ya kuzuia ukungu.

Milango isiyong'aa karibu na meko imeanza kung'aa pale inapofutwa kila siku. Mafuta ya kukaangia yanatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Sponji yenye upande wa kukwaruza ndiyo inayoing'arisha. Milango miwili ya meko itabadilishwa kwa melamini nyeupe iliyobaki kwenye mbao za mwanzo. Kipande kinatosha, kimeshapimwa.